Aliibiwa Kanda, Hakuibiwa Masikio: Maisha ya Dada Yetu Elizabeti Methusela wa Maramba

Baba Padri, wazee wetu wa Maramba, shikamooni, wageni wetu mliotoka Tanga mjini, Pangani, Moa na Dar es Salaam, shemeji yangu Bwana Hilari, wapwa zangu Perpetua na Damiani, poleni sana, na kabla sijaanza naomba radhi kabisa, kwa sababu historia hii nitaisoma vibaya. Mimi Sefania, mdogo wa marehemu, maisha yangu yote nimesimama mbele ya watu ili wacheke, nikikohoa tu kuna mtu anaanguka kitini, na familia ilipokaa kuchagua msomaji walitafuta mwenye busara wakamkosa, wakatafuta mwenye sauti, wakabaki na mimi. Kwa hiyo mkiona nimeruka mahali mnivumilie, na mkiona nimeganda mahali pamoja muda mrefu kuliko kawaida, tazameni taratibu mstari wa mbele, upande wa wageni rasmi, huenda sababu yenyewe imekaa hapo hapo na miwani yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1947, hapa hapa Maramba, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Methusela, aliyekuwa dresa wa zahanati, na marehemu mama yetu Ana, mkulima. Wanaomkumbuka baba wanajua kwamba alikuwa mtu wa vipimo, anakutazama ulimi, anakubana tumbo, anakupa dawa, toka, mwingine, na dada yangu tangu angali mdogo alikuwa na tabia ya kukaa nje kwenye benchi pamoja na wagonjwa, akiwasikiliza wakisimuliana wenyewe kwa wenyewe yale ambayo hawakuthubutu kumwambia baba. Jioni mezani alikuwa akisema, yule mama wa leo haumwi tumbo, ana mimba na mumewe yuko mashambani tangu mwaka jana, baba anashtuka, anauliza mbona mimi hakuniambia, naye anajibu, "Baba, wewe hukumuuliza, ulimbana tu." Alichapwa kwa jibu hilo, lakini kazi yake ya maisha ilianzia kwenye benchi lile, na kila alichokuja kusomea baadaye kilikuwa ni kukaa nje na wagonjwa kwa cheti.

Alianza darasa la kwanza hapa Maramba mwaka 1955, akaendelea na shule ya kati, kisha sekondari ya wasichana huko Korogwe kuanzia 1963, na mwaka 1969 akaingia chuo kikuu, chuo ambacho leo sitakitaja jina kwa sababu Baba Padri ameniomba hivyo, nami nimemwahidi, na ahadi yangu hiyo ni kwa chuo tu, kwa watu hakuniomba. Alihitimu mwaka 1972 katika elimu ya jamii, mwaka uliofuata akaajiriwa hapo hapo chuoni kama mwalimu msaidizi, akapelekwa ng'ambo, akarudi mwaka 1978 na udaktari wa anthropolojia ya tiba, yaani elimu ya namna watu wanavyougua, wanavyoyaita maradhi yao, na wanavyoamua waende kwa nani. Siku aliporudi, nusu ya kijiji ilipanga foleni hapo uani na watoto wenye homa, na alipoeleza kwamba yeye si daktari wa sindano, mama yetu, Mungu amrehemu, alimvuta pembeni akamuuliza, "Sasa mwanangu, huko ulikuwa miaka yote hiyo ukisomea kuongea na wagonjwa? Mbona hapa tunaongea nao bure?"

Alifunga ndoa na Bwana Hilari Kiondo, fundi mitambo wa reli, tarehe 14 Desemba 1974, katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Perpetua aliyezaliwa mwaka 1976, na Damiani aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1983, na tarehe hiyo ya Damiani naomba muishike vizuri, mtaihitaji.

Sasa nafika kwenye kazi. Kati ya mwaka 1980 na 1982 marehemu alifanya utafiti mkubwa kule Pangani, miaka ambayo wote mnaikumbuka, vita vimekwisha na duka limebaki na mizani tu, sukari ni kwa kujuana, sabuni ni ya kuota ndotoni, petroli ni hadithi. Chuo kilimpa kinasa sauti kisicho na betri, naye alizitafuta betri mwenyewe, zikiisha nguvu Bi Mwanaima, mwenyeji wake wa Pangani ambaye yuko nasi hapa, alikuwa akizianika juu ya bati pamoja na mtama, akiwafukuza kuku na kuzihifadhi betri za elimu ya juu. Kanda tupu hazikuwapo nchini, akaja kwangu akachukua kanda zangu zote za muziki wa dansi akarekodia juu yake, hivi kwamba ukisikiliza utamkuta mzee wa watu anaeleza maradhi yaliyomtesa tangu ujana, anashusha pumzi, halafu tarumbeta inamalizia.

Na alichokuwa akikitafuta, kwa ruhusa ya Baba Padri na akina mama, nitakisema. Sisi watu wa Pwani tunajua kwamba mwanamume akiwa na busha hasemi busha, hasa mbele ya mwanamke, anasema ana mshipa, na kila mtu aliyezaliwa kuanzia Moa mpaka Pangani anaelewa mshipa huo uko wapi wala hauulizii zaidi. Wanaume wale walikuwa wanaficha, wanavaa kikoi au kanzu pana, hawaendi hospitali, hawaendi hata harusini, na dada yangu alikaa nao barazani, msimu baada ya msimu, mpaka wakamwambia kila kitu, aibu yao, ndoa zao zilizovunjika, waganga waliowala, yote kwa neno hilo moja, mshipa, mshipa, mshipa. Alisema kazi yake ikitoka, serikali italazimika kuwatibu wazee wale, na hilo ndilo alilolitaka, litoke, na litoke kwa jina lake, kwa sababu wale wazee walimwambia yeye.

Mwaka 1983 alikwenda likizo ya uzazi, akamzaa Damiani, kama mlivyoishika ile tarehe, na aliporudi ofisini kabati lilikuwa wazi na kanda hazimo. Mkuu wa idara yake wakati huo, ambaye mlango wake ulikuwa wa pili kutoka kwa marehemu, ambaye leo ametufanyia heshima ya kuwapo hapa, Profesa Kristofa, usisimame Profesa, kaa tu, tunakuona vizuri, alimwambia amezichukua kwa usalama, maana wakati ule ilikuwa kamatakamata ya wahujumu uchumi, na nadhani aliogopa polisi watakuja kukamata mabusha ya watu. Kanda zilikaa salama hivyo, salama mikononi mwake, mpaka mwaka 1985 kitabu kilipotoka, jina la Profesa juu kwa herufi kubwa, na kwenye jalada picha ya moyo, moyo mwekundu, na mishipa ya damu imetapakaa huku na huku kama mizizi ya mkoko, kwa sababu Profesa wetu, ambaye alizaliwa mbali na Pwani, na hilo si kosa, aliwasikia wazee wote wale wakisema mshipa, akaandika kwamba wanaume wa Pangani wamepatwa na janga la shinikizo la damu.

Cheka tu mama, usijizuie, hata yeye marehemu alicheka, lakini baadaye. Kwanza alilia, na mimi nilikuwapo, nilikuwa nimelala kwake Dar es Salaam tukiwa na onyesho, nikamkuta amekaa jikoni na kitabu kile, hasomi ndani, anasoma ule ukurasa wa mbele wa shukrani, anaupitisha kidole mstari kwa mstari. Profesa alikuwa amemshukuru mkewe, dereva wake, mpishi wake, na mbwa wake kwa uvumilivu, Elizabeti Methusela hakuwamo, na mimi ambaye naweza kumchekesha mfiwa, siku ile niliosha vyombo. Mwaka uliofuata mkuu yule wa idara akapewa uprofesa, kwa kitabu hicho hicho, na milango ikafunguliwa, mitumba ikajaa, wafadhili wakaja, semina zikaanza kulipa kuliko mshahara, na Profesa akawa anasafiri kutoka hoteli hadi hoteli na moyo wake mkononi.

Wenzake walimuuliza marehemu mbona humwambii, mbona huendi kwa wakubwa, hata kosa lenyewe hulisahihishi, naye akawajibu kwa upole wake ule uliokuwa ukinitisha tangu utotoni, "Aliniibia kanda, hakuniibia masikio. Mwacheni asikilize." Akamwacha. Akaendelea kufundisha, akasimamia wanafunzi wake, baadhi yenu mko hapa mmevaa tai, kila siku akipita mlango ule wa pili akisalimia, na akingoja, kwani dada yangu alirithi uvumilivu wa mama na mkono wa baba, ule wa kubana.

Siku yake ilifika tarehe 20 Agosti 1992, katika hoteli moja pale Tanga mjini, semina kubwa, wageni kutoka ng'ambo, soda kila meza, na Profesa Kristofa akitaka kuwaonyesha wafadhili ushahidi ulio hai, akaagiza waletwe wazee kutoka Pangani, na kazi ya kuwachagua akampa nani, akampa Dokta Elizabeti. Dada yangu akachagua vizuri. Alimleta Mzee Mselem, mmoja wa wale wazee wa barazani, alimleta na Bi Mwanaima kama mwenyeji, akawaketisha mbele kabisa, akakaa nyuma yao, akafunga mdomo. Profesa akabonyeza kinasa sauti, sauti ya mzee ikatoka, na Mzee Mselem akanyanyua mkono akasema, "Hiyo sauti yangu miye. Lakini nilikuwa nasema na Bi Eliza. Weye bwana nakuona leo." Profesa akatabasamu, akasema kumbukumbu za wazee zina matatizo, akasogea karibu, akasema mbele ya watu wote, "Mzee wangu, hebu simama uwaonyeshe wageni huo mshipa unaokusumbua."

Mzee Mselem alimtazama, akamtazama Bi Mwanaima, akauliza, "Hapa?" Profesa akasema hapa hapa, usione haya, sayansi haina haya, wageni wamepanda ndege kuja kuuona. Mzee akasema, "Wametoka Ulaya kuja kutazama wangu? Kwani kwao hawanao?" Profesa akasema wanao, ila wa Pangani una sifa zake, hapo Bi Mwanaima akajifunika leso uso mzima na mabega yakaanza kumcheza, na Profesa, akidhani mzee hasikii vizuri, akanyoosha mkono amshike kifundo cha mkono atafute mapigo, akisema kama huwezi kuuonyesha nitaushika mwenyewe. Mzee aliruka na bakora yake, na umri wake ule na mzigo wake ule, akapiga ukelele uliosikika mpaka bandarini, "Ushike wa baba yako!"

Ukumbi ulikwisha kwa kicheko. Madereva waliingia kutoka nje kuuliza kuna nini, Bi Mwanaima alitolewa ameshikwa huku na huku, na Profesa, jasho linamtoka, akageuka nyuma akasema, Dokta Elizabeti, hebu msaidie mzee aelewe, na dada yangu akasimama, akainyoosha sketi yake, akasema, "Mzee ameelewa, Profesa. Tunayemsubiri ni wewe." Kisha akawageukia wale wageni, akawaeleza kwa lugha yao, polepole, kwa adabu, mshipa ni nini, uko wapi, na nani aliyekaa barazani miaka ile kuambiwa, na mgeni mmoja mwanamke alikichukua kitabu chake chenye moyo, akakigeuza kifudifudi mezani. Mimi nimepanda majukwaa ya mikoa mingi, nimevaa magauni, nimejipaka masizi, nimeanguka makusudi kwenye beseni la uji, na sijawahi kupata kicheko kama alichokipata dada yangu bila kutabasamu.

Lakini msidhani mambo yaliishia kwenye kicheko. Mwaka 1993 marehemu aliomba kupandishwa kuwa profesa, kamati ikakaa, mwenyekiti wake mnamjua, jibu likaja kwamba ni mwalimu hodari ila hana ushirikiano na wenzake, akaomba tena mwaka uliofuata, jibu likaja lile lile, hata hawakubadilisha koma. Mwaka 1995 akafunga ofisi, akarudi Tanga, na hapo ndipo alipofanya ile kazi aliyoitaka tangu mwanzo, akiwafundisha wauguzi na waganga wa zahanati kusikiliza kabla ya kubana tumbo, akienda nyumba kwa nyumba kwa wale wale wazee, safari hii si kuwauliza, kuwapeleka kwa daktari wa upasuaji. Mzee Mselem alipasuliwa mwaka 1996, akapona, na leo ameuvuka mto tangu alfajiri kuja kumzika Bi Eliza wake, naomba mumtazame mzee yule pale kwenye mlango, amevaa suruali, vazi aliloliacha akiwa kijana, na aliponisalimia asubuhi aliniambia, "Nimemvalia yeye." Kitabu chake marehemu ndicho hicho, kimesimama mlangoni, na hakina jina la mtu mwingine juu.

Kuugua kwake hakukuwa kwa muda mrefu. Tarehe 11 Juni mwaka huu wa 1998, akiwa darasani na wauguzi, alishika kichwa, akakaa chini, akasema maneno mawili matatu yasiyoeleweka, akapelekwa hospitali, ikaonekana mshipa umepasuka kichwani, mshipa wa damu, ule wa kwenye jalada. Hilo nalo sikulisamehe, kwamba kati ya mishipa yote iliyoko Pwani hii, uliomchukua dada yangu uwe wa upande wa Profesa. Alifariki Jumatano tarehe 17 Juni, saa tano asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bwana Hilari, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Tumeletewa shada kubwa kutoka Dar es Salaam, lina utepe, na utepe umeandikwa, kwa mwanafunzi wangu mpendwa. Familia inapenda kusahihisha, kwa heshima zote, kwamba marehemu hakuwa mwanafunzi wake hata siku moja, kama kulikuwa na mwalimu na mwanafunzi katika mlango wa pili, mwanafunzi alikuwa yule aliyefeli mbele ya Mzee Mselem. Ratiba iliyotoka chuoni inaonyesha salamu za rambirambi za Profesa, dakika kumi, na kama mnashangaa kwa nini nimesoma kwa kirefu namna hii, dakika hizo nimezitumia mimi, zimekwisha, kipaza sauti betri zake ni za kuanika, na Baba Padri amenihubiria kusamehe tangu juzi, nami nimekubali, ila nilimwomba nisamehe baada ya kusoma, si kabla.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, ambao wengi waliwahi kukaa darasani kwake, na walimuuliza jina lake kabla ya kumpima, yeye angefurahi. Tunawashukuru majirani wa Maramba kwa kuni, maji na usingizi waliotukopesha, wenzetu wa Pangani walioacha shughuli zao, Waislamu na Wakristo, wakaja na mchele wao na dua zao, wafanyakazi wenzake waliokuja kwa nafsi zao bila kutumwa, na wanafunzi wake waliochimba kaburi na tai zao shingoni. Dada, umesikiliza watu wote hawa, sasa hakuna anayekuuliza kitu, pumzika kwa amani, kelele niachie mimi.

Na la mwisho, ni la tahadhari. Familia ilikubaliana kwamba kile ambacho chuo kilimnyima sisi tunampa, msalaba wake uandikwe Profesa, nikatumwa mimi kwa fundi wa rangi pale Ngamiani, Tanga mjini, na nilipofika nilikuwa bado nimejaa hasira, nikawa namsimulia fundi yule mambo yote haya, kanda, kabati, kitabu, mbwa, nikimtaja mtu kwa jina lake kila baada ya pumzi, na fundi akaniuliza, sasa bwana, niandike nani, mimi hata sikumsikia swali, nikaendelea kulitaja jina lile lile. Asubuhi hii Perpetua amelifungua gunia, akakuta msalaba wa mama yake umeandikwa kwa herufi nzuri sana, PROFESA KRISTOFA, alizaliwa Maramba. Umepakwa upya, jina ni la Elizabeti sasa, lakini wenye kuweka mashada tafadhali msiuegemee, rangi bado mbichi, na atakayeukwangua akaona kuna mwizi chini, fundi asilaumiwe, yeye angalau aliandika sawasawa alichokisikia, asiye na masikio katika ukoo huu ni huyu anayewasomea.